Nukta Kabla ya Pembe

Juni 13

Daktari ameangalia picha za tumbo la Amma, mama yangu. Uvimbe uko kwenye utumbo mpana. Unaweza kutolewa, amesema, lakini utolewe ndani ya wiki chache. Ukiachwa mpaka mvua ziishe, yeye haahidi kitu. Amma alimsikiliza hadi mwisho, akavuta ukingo wa sari kichwani, akasema, "Nimekuelewa, mwanangu. Nitapasuliwa Tuhin akija."

"Tuhin ni nani?" daktari akaniuliza mimi.

"Mdogo wangu."

"Basi mwite."

Tuliteremka ngazi. Nje maji yalikuwa yamefika vifundoni. Ndiyo mvua kubwa ya kwanza mwaka huu.

Juni 14

Niandike mambo yalivyo, maana nitayahitaji yakiwa yamenyooka.

Baba alikufa majira ya baridi, mwaka juzi, nyumbani Gaibandha. Mimi nilikuwa nimeshakwenda kumuuguza. Tuhin alikuwa kazini hapa Dhaka. Alipanda basi mara tu alipopigiwa simu, lakini ukungu ulifunga daraja la Jamuna na magari yakalala kwenye foleni. Baba zetu wadogo wakasema maiti haiwekwi. Wakamuuliza Amma, naye akaitikia kwa kichwa. Tuhin alifika udongo ukiwa bado mbichi. Alinawa mikono bombani, hakumsalimia mtu, akarudi barabarani. Tangu siku hiyo simu yake haipatikani, na kampuni aliyokuwa akiifanyia kazi imefungwa.

"Mara ile sikumngoja," Amma aliniambia jana kwenye riksho. "Mara hii namngoja."

Juni 16

Picha za viti vya Mjerumani, mteja wetu, zimefika kazini. Katalogi yake ya Krismasi huanza kutayarishwa mapema, kwa hiyo kila mwaka mvua zikianza na sisi tunazama kwenye samani. Safari hii ni henzirani, fito za kusuka. Mgongo wa kiti ni matundu matupu, na kila tundu linataka njia yake ya kukatia, mstari unaolizunguka, la sivyo kwenye karatasi sakafu ya studio itachungulia katikati ya kiti. Jhorna, mkaguzi mwenzangu anayekaa kushoto kwangu, amesema akimpata aliyebuni kiti hiki atamkalisha juu yake bila nguo mpaka matundu yote yamchoreke matakoni.

Juni 17

Mvua. Amma amekula nusu sahani ya wali.

Juni 19

Ijumaa. Amma ameuliza kazi yangu hasa ni nini. Huuliza kila mwaka. Nimemfungulia kiti kimoja kwenye kompyuta.

"Hiki umekikata wewe?"

"Amekichora mwingine, mimi nakagua. Mstari huu unaiambia mashine ya uchapaji iishie wapi. Kilicho nje ya mstari hakichapwi, panabaki peupe."

"Na mstari wenyewe?"

"Nao hauchapwi."

"Kama chaki ya baba yako," akasema. "Suruali ikishapigwa pasi, nani anajua chaki ilipita wapi?"

Baba alikuwa fundi cherehani.

Juni 22

Leo nimeuona mkono wa Tuhin.

Kazi ikitulemea, Kibria Bhai, meneja wetu tunayemwita kaka, humpa sehemu yake wakala wa Bogura anayeitwa Sobhan. Sobhan naye huwagawia watu wanaochorea vyumbani mwao huko mikoani. Mafaili yakirudi kwetu hayana jina la mtu. Lakini njia huchorwa kwa mkono. Mtu anaweka nukta, anavuta mkunjo, anaweka nukta nyingine, hadi amezunguka kitu chote. Ukikagua kwa miaka unamjua mchoraji kwa anapoweka nukta zake, kama unavyomjua mwenzako kwa mwendo wake ngazini. Jhorna alipokuwa mchoraji alijaza nukta kama mtu anayebana nguo kambani siku ya upepo.

Tuhin nilimfundisha mimi, nyumbani, kwenye kompyuta yangu. Anatumia mkono wa kushoto. Huanzia mguu wa kulia wa kiti, chini kabisa, na kuzunguka kinyume na wengine. Kila akikaribia pembe huweka nukta moja isiyo na kazi, kidogo tu kabla ya pembe, ndipo anaingia. Katika mafunzo ya kazi hii nukta hiyo huhesabiwa uchafu. Aliirithi kwa Baba, ambaye mkasi wake ulikuwa ukisita kidogo kabla ya kugeuka. Nilijaribu kumwachisha. Aliniambia, "Apa, dada yangu, nisipopumua kabla ya kona nitajikata."

Ilikuwa stuli. Miguu minne, na kwenye kila pembe ile nukta. Niliikuza mpaka ikajaza skrini.

"Umeona jini?" Jhorna akaniuliza.

"Nimemwona mdogo wangu."

Alisogeza kiti chake, akatazama. "Mimi naona stuli."

Juni 23

Vingine vyake vimekuja leo, kwenye fungu la Sobhan. Yu hai. Yuko mahali penye umeme na mtandao. Sijamwambia Amma: nisipoweza kumleta, nitakuwa nimempa sababu ya kuendelea kungoja.

Juni 25

Nilimkuta Kibria Bhai akinywa chai dirishani.

"Bhai, nataka kujua nani anachora hivi viti vya Sobhan."

"Sobhan."

"Sobhan hajui hata kushika mausi ya kompyuta."

"Ndiyo hivyo." Akaweka kikombe chini. "Lutfa Apa, wewe si mgeni hapa. Mjerumani haniulizi kazi nampa nani. Mimi simuulizi Sobhan. Siku nikimjua mtu wake mmoja, kesho yake atasema nimemwibia, na keshokutwa sina wa kunichorea."

"Ni mdogo wangu. Mama anaumwa vibaya."

Alifikiri. Si mtu mbaya. Akampigia Sobhan mbele yangu, akamtajia majina mawili ya Tuhin, la nyumbani na la shuleni. Nilisikia jibu kutoka nilipokuwa nimesimama: mtu wa majina hayo hana.

Baadaye nilimpigia Sobhan mwenyewe. "Nani kakupa namba hii?" akasema, akakata. Nilipopiga tena alikuwa ameshanifungia.

Juni 28

Umeme ulikatika mara tatu kazini. Amma hakula.

Juni 29

Amma anashika ubavu akidhani simwoni. Nimemwambia daktari anatuuliza. Akasema, "Mwambie nami namuuliza mwanangu."

Julai 1

Nimefanya jambo. Kwetu kiti chenye kosa hurudishwa kwa yule yule aliyekichora. Nimechukua kiti cha Tuhin kilicho safi. Kwenye kona nyeupe ya picha, mbali na kiti, nimechora njia ya pili kwa umbo la herufi: *Tuhin, Amma mgonjwa sana, njoo. Apa.* Na namba yangu. Njia haionekani kwenye picha mpaka mtu afungue kisanduku chake, na wakala hafungui kisanduku. Anasoma maelezo ya mkaguzi tu. Kwenye maelezo nikaandika: Pembe si safi.

Pembe zilikuwa safi kabisa. Nikakirudisha.

Julai 4

Kiti kimerudi. Kimechorwa upya kuanzia juu, kwa mkono wa kulia, bila nukta kabla ya pembe. Barua yangu imefutwa.

Kumbe kwa Sobhan kilichorudishwa hakirudi kwa aliyekichora. Hupewa mtu mwingine, wa kurekebisha tu. Huyo ama ameiona barua akaifuta, ama ameifuta pamoja na kila kitu bila kuiona. Hakuna simu iliyopigwa.

Julai 5

Nimerudisha viwili. Labda siku nyingine anayerekebisha huwa ni yeye.

Julai 6

Nimerudisha vinne. Maji yameingia ghorofa ya chini ya jengo letu, na mlinzi amehamishia kitanda chake kwenye ngazi.

Julai 7

Vingine. Maelezo yale yale, barua ile ile.

Julai 8

"Apa," Jhorna akasema, huku akinimegea kichuri, wali wa dengu, na yai kwenye kifuniko cha chombo chake, "huyu wa nukta amekukosea nini? Ningekuwa sijaolewa ningemtafuta."

"Pembe zake."

"Pembe zake zimenyooka kuliko meno yangu."

Nilikula yai. Aliendelea kunitazama, na nikajua anajua.

Amma ametapika mara mbili leo.

Julai 9

Nimerudisha. Simu kimya.

Julai 11

Fungu la Sobhan halina kiti hata kimoja cha Tuhin.

Julai 12

Hakuna.

Julai 13

Hakuna. Nimefungua mafaili yote, hata yaliyokwisha kukaguliwa na Jhorna.

Julai 14

Kibria Bhai alipita mezani kwangu asubuhi akaweka mkono kwenye mgongo wa kiti. "Nimekupunguzia mzigo," akasema. "Yule wa Sobhan aliyekuwa anakuharibia pembe, nimeandika atolewe. Umeteseka naye vya kutosha."

Alisema kwa wema. Nikamshukuru. Sikuweza kusema jambo jingine wakati ule, mbele ya watu, na kiti kwenye skrini.

Nilikwenda chooni nikafungua bomba ili yasikike maji tu. Nimekuwa nikijiambia kwamba narudisha viti ili kumfikia. Nilikuwa na uzi mmoja tu kati yangu na yeye, uzi usio na jina wala namba, na nimekuwa nikiuvuta kila siku, kwa mkono wangu, mpaka umekatika. Na hajui kwa nini. Huko aliko anajua tu kwamba mtu wa Dhaka asiyemjua amesema pembe zake ni mbovu, leo, kesho na keshokutwa, kisha ameambiwa asichore tena. Ndilo neno pekee alilolipata kutoka kwangu tangu tulipomzika Baba.

Niliporudi mezani Jhorna alikuwa amekagua mafungu yangu mawili. Nilikagua la tatu.

Jioni daktari alipiga simu. Amma alichukua simu mkononi mwangu akamuuliza kama ameshakula.

Julai 17

Ijumaa. Bogura na kurudi.

Ofisi ya Sobhan iko juu ya duka la mbolea. Ni mtu mfupi mwenye sauti kubwa. Alikuwa na fenesi zima juu ya gazeti, mikono imepakwa mafuta ya haradali ili utomvu usishike. Nilimwambia natoka Mirpur, Dhaka, ilipo ofisi yetu.

"Mirpur ipi?"

"Mimi ndiye mkaguzi wa viti."

"Kaa," akasema. "Kaa nikuone vizuri. Wewe ndiye pembe, pembe, pembe?"

"Ndiye mimi."

"Yule alikuwa mtu wangu mzuri. Tangu nimpate hajarudishiwa hata kijiko. Ghafla wiki nzima anaharibu. Nikasema ameanza kunywa dawa za kikohozi kama vijana wote wa huku. Nikamtoa."

"Hakuharibu. Pembe zilikuwa sawa. Ni mdogo wangu. Nilikuwa nampelekea ujumbe ndani ya faili."

Aliacha kula. Mbegu ya fenesi ilibaki shavuni. "Huku kwetu," akasema hatimaye, "mtu akitaka kumsalimia ndugu yake hupeleka samaki."

"Ungenipa namba yake ningempelekea samaki."

"Ningekupa namba ungempa kazi."

Alikuwa sahihi kwa upande wake na mimi kwa wangu, na hilo halikutusaidia. Kisha akaita chai, na chai ilipokuja akaniambia anayoyajua. Mtu huyo alimpa jina jingine. Alikuwa amepanga chumba Sariakandi, kwenye ukingo wa mto Jamuna, karibu na kituo cha boti. Simu yake imezimwa tangu ukingo ule ulipoanza kumeguka. Nilimwomba amrudishe kazini akipatikana.

"Meneja wako ameandika atolewe. Meneja wako aandike arudi."

"Na yule anayerekebisha? Aliona nilichoandika?"

"Mimi nalipa watu wafute makosa," Sobhan akasema. "Sikuwauliza wanafuta nini."

Nilipanda gari dogo la bati la abiria hadi Sariakandi. Mahali palipokuwa na chumba sasa pana mto. Watu wamehamia juu ya tuta, chini ya mashuka ya nailoni, pamoja na ng'ombe wao. Niliuliza habari za kijana wa kompyuta anayetumia mkono wa kushoto. Mwanamke mmoja aliyekuwa akikausha mpunga uliolowa alimkumbuka.

"Sisi tulibeba mchele, yeye alibeba lile sanduku lake kichwani, amelizungushia godoro kama mtoto mchanga," akasema. "Alipanda boti."

"Ya kwenda wapi?"

"Ya kwenda kukavu, dada. Siku ile hatukuuliza zaidi ya hapo."

Niliandika namba yangu kwenye kipande cha gazeti. Alikitia kwenye pindo la sari, na pindo lilikuwa limelowa.

Julai 18

Nimemwambia Kibria Bhai kila kitu. Alisikiliza huku akikunja na kukunjua risiti ya chai.

"Viti vingapi?"

"Vyote nilivyorudisha kwa ajili ya pembe."

"Mjerumani akisikia mkaguzi wangu anarudisha kazi safi, nimekwisha. Unajua?"

"Najua."

"Siwezi kukuacha kwenye ukaguzi."

"Najua, Bhai. Andika tu kwa Sobhan kwamba huyo mtu hana kosa."

Aliandika nikiwa nimesimama pale. Kisha akaniambia kesho nikae benchi la wachoraji, na akauliza mama yangu anapenda samaki gani, maana wale wa ilish wameanza kufika sokoni. Nilisema hali samaki siku hizi.

Julai 19

Benchi la wachoraji. Henzirani. Mkono umesahau kidogo, unakumbuka.

Julai 21

Daktari amesema wiki hii au asisumbuliwe tena. Nilimwomba amwambie Amma kwa kinywa chake. Amma akamjibu, "Mwanangu, wewe una mama?" Akasema anaye. "Basi unanielewa." Daktari alitoka akiwa amekasirika, na aliyemkasirikia ni mimi.

Julai 22

Nilibaki benchini wenzangu walipokwenda kula. Nikafungua kiti kipya ambacho hakijachorwa. Nikahamishia mausi kushoto. Nikaanzia mguu wa kulia, chini kabisa, nikazunguka kinyume, na kabla ya kila pembe nikaweka nukta isiyo na kazi. Nimekagua mkono wa Tuhin kiasi cha kuweza kuuvaa. Nikapiga picha ya skrini kwa simu.

Jioni nikamwambia Amma nina habari. Nikamweleza jinsi nilivyomtambua, jinsi wakala alivyokataa, jinsi kazi yake inavyotufikia. Yote kweli. Kisha nikampa simu nikasema hiki kimefika leo, yuko salama, anafanya kazi, atakuja ukishapasuliwa. Huo ulikuwa uongo.

Amma alivaa miwani. Alitazama kwa muda mrefu. Alijua kukuza picha kwa vidole viwili. Sikujua kama anajua.

"Hizi ndizo nukta?"

"Ndizo. Tazama, kabla ya pembe. Kama Baba."

"Baba yako alisita kwa sababu mkono ulimtetemeka," akasema. "Tangu nimeolewa naye. Akifika kwenye pembe anangoja utulie. Pembe nyingine alingoja sana, nyingine kidogo. Tuhin alikaa chini ya meza ile akimtazama, akadhani ndivyo ushonaji ulivyo." Akaweka ukucha kwenye kioo. "Huyu amesita sawasawa kila mahali. Umbali mmoja. Huyu si mtu anayengoja mkono utulie. Huyu ni mkaguzi."

Nilinyoosha mkono nikaizima skrini.

"Umenitengenezea mtoto, Lutfa."

"Ndiyo."

"Na hiyo ya mwanzo? Ya stuli?"

"Hiyo ni kweli. Ilikuwa ni yeye. Nikampoteza."

Akavua miwani, akaifuta kwa ukingo wa sari, akairudisha kwenye kikasha. "Wewe tangu utotoni huwezi kusema uongo hata wa kulamba sukari. Kama umefika hapa, basi hali yako ni mbaya kuliko yangu. Mpigie yule daktari mwenye hasira."

Julai 25

Wamempasua asubuhi. Waliutoa uvimbe. Daktari alitoka akiwa bado amevaa kofia, akasema umeshafika kwenye ini, na huko hawakugusa. Nikamuuliza ingekuwaje mwezi Juni. Akasema hapendi maswali ya namna hiyo, kisha akajibu: ingekuwa vinginevyo.

Nimekaa na neno hilo kwenye benchi la korido. Nimelikagua pande zote. Sina la kurudisha.

Julai 26

Amma ameamka. Neno lake la kwanza lilikuwa kwa mgonjwa wa kitanda cha jirani, kwamba anakoroma.

Julai 30

Amerudi nyumbani. Mvua haijakatika tangu juzi.

Agosti 3

Jhorna amechukua meza yangu ya ukaguzi. Kila fungu la Sobhan likifika ananitazama kutoka upande wa pili wa chumba na kutikisa kichwa. Leo ametikisa.

Agosti 5

Ametikisa.

Agosti 6

Ametikisa. Amma amekunywa uji wa wali, vijiko vitatu.

Agosti 9

Mwanamke wa tuta la Sariakandi amepiga simu. Hana habari yoyote. Alitaka kujua kama nimempata, maana alikuwa akimuwaza. Nikamwambia bado.

Agosti 10

Daktari amesema labda ataishi mpaka baridi ianze. Labda. Amma anauliza kila siku mto umeshuka kiasi gani huko Bogura.

Agosti 12

Baada ya chakula cha mchana Jhorna hakutikisa kichwa. Alisema, bila kupaza sauti, "Apa, njoo uone kiti."

Kilikuwa kiti cha kulia chakula, cha henzirani, matundu kama wavu. Kimeanzia mguu wa kulia. Nukta kabla ya pembe. Pembe moja mbali, nyingine karibu. Nilipima kwa macho kila moja, na hazikulingana hata mbili.

"Fungua kisanduku cha njia," nikamwambia.

Alifungua. Njia zilikuwa mbili. Ya pili ilikuwa kwenye kona nyeupe, herufi za mtu wa mkono wa kushoto, zimelala nyuma kama mimea baada ya mafuriko. Kwa hiyo yule anayerekebisha alikuwa ameiona barua yangu. Mtu nisiyemjua, ambaye hatujawahi na hatutawahi kuonana, aliisoma kabla ya kuifuta, akaitunza mpaka mto ulipomrudisha Tuhin, akamfikishia.

Hakukuwa na namba ya simu. Hakukuwa na salamu. Ilisema: *Asizikwe kabla sijafika.*

Jhorna akasoma tena kwa midomo tu. Kisha akaondoka kwenda kuleta maji ambayo sikuwa nimeyaomba.

Agosti 13

Nilimsomea Amma jana jioni. Sikubadilisha neno.

Alikuwa ameegemea ukuta, mto mgongoni. "Kaandika kwenye kiti?"

"Pembeni mwa kiti."

"Baba yake akikasirika alikuwa anaongea na cherehani. Mimi nimesimama hapo, yeye anaiambia cherehani chakula kimepoa." Akacheka, akashika mshono mpaka maumivu yakapita. "Anadhani nimekufa?"

"Anadhani uko karibu."

"Basi mwambie sina haraka."

Nikasema nitamwambia. Nikachukua sahani. Nilikuwa nimeshafika mlangoni aliponiita.

"Lutfa. Usimwambie hivyo. Mwambie nina haraka."

Leo asubuhi nimekaa mezani kwa Jhorna badala ya benchi langu. Kwenye kile kiti, kando ya maneno ya Tuhin, nimechora ya kwangu: *Yu hai. Anakungoja. Ana haraka.* Kibria Bhai alikuja akasimama nyuma yetu, akaitazama skrini kwa muda wa kutosha kusoma, akauliza kama kuna mtu anataka chai.

Kiti hakikuwa na kosa lolote. Jhorna alikirudisha, kiende kwa yule anayerekebisha. Kwenye maelezo ameandika: Pembe si safi.